Ng'ombe wa Mwisho na Shule ya Trela

Gazeti lilifika kwenye benchi letu hapa Section 58 likiwa limelowa mafuta ya mandazi, lakini tangazo lilisomeka. Kampuni moja ya kusafirisha maua, pande za Naivasha, inatafuta watu wa kufundishwa trela bure, wanawake wakaribie. Ukihitimu unafungwa bondi ya kuwafanyia kazi miaka mitatu. Ukitoroka kabla, unalipa masomo yote. Mwisho wa kurudisha fomu ni leo jioni.

Naftaly alilisoma mara mbili. Tunamwita Mhubiri, ingawa kanisani ndiko mahali pekee anaponyamaza.

"Yakobo alitumika miaka saba akapewa mke," akasema. "Hapa unatumika mitatu unapewa stirungi, na hata si yako."

Maneno hayo yalimlenga Jepleting. Huyu ni wa Kuresoi, na tulimbandika jina la Waru, yaani viazi, kwa sababu amekuwa akiendesha trakta ya mjomba wake, na trela ya viazi nyuma, tangu miguu yake ilipofika klachi. Fomu ya kampuni alikuwa ameshaifuata, iko mfukoni, imekunjwa mara nne. Upande wa pili kulikuwa na shule ya kulipia hapa mjini, na karo yake ilikuwa imesimama zizini kwa mama yake ikicheua: ng'ombe wa mwisho, ndiye anayekamuliwa. Mnunuzi angefika saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane, na huko Kuresoi mathe alikuwa ameshika simu akingoja neno moja, uza au usiuze.

Ushauri haukukosekana. Benchi letu halina mtu mwenye kazi ya kueleweka, ndiyo maana lina washauri wengi.

Aliyeongea zaidi ni Kahiga, tunayemwita Usukani kwa ombi lake mwenyewe. Ana miaka kumi na mmoja akiendesha Kanta, lori dogo la mboga. Siku zote huiacha kule barabarani akitwambia gari la heshima haliingii vichochoro. Siku hiyo kanjo, askari wa kaunti, walikuwa barabarani na minyororo yao ya kufunga magurudumu, kwa hivyo heshima iliwekwa kando. Aliingiza Kanta kichochoroni mwetu mpaka pua ikakaribia ukuta wa mwisho, hatua mbili kutoka kwa jiko la kahawa.

Usukani alikuwa wa shule ya kulipia. Alisomea hapo hapo, Jogoo wa Barabara Driving College. Alitusimulia ile bodi yao ya mji, meza kubwa kama ya harusi, imechorwa barabara na mataa, unasukuma kigari chako kwa kidole huku ukieleza unaenda wapi. Wiki tatu tu, laiseni mkononi, bila kufungwa na mtu.

"Uza ng'ombe, dada," akamalizia. "Ng'ombe anakufa. Laiseni haifi."

"Na lori la hiyo shule?" akauliza mzee Hanif, yaani Birika, mwenye benchi na mwenye kahawa. Huyu haongei sana, anamimina tu. "Nimelipita juzi. Kuku alikuwa ametaga kwa kiti cha dereva. Linaenda hilo?"

"Linaenda."

"Linarudi?"

Usukani akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha kikombeni. "Mzee Hanif, barabara inaenda mbele."

Waru akasema kule kwenye kampuni aliambiwa wiki ya kwanza hakuna barabara. Ni uwanja na mapipa tu, unarudisha trela katikati yao. Ukigonga sana, unaenda nyumbani. Usukani akacheka mpaka akashika goti. Ati ni tajiri gani huyo anayelipa dereva arudi nyuma? Mhubiri naye akaongeza kwamba mke wa Lutu aliangalia nyuma tu, na tunajua yaliyompata.

Waru akatoa simu. Niliona kidole chake kikitafuta jina la mama, na sikujua neno litakuwa lipi kati ya yale mawili.

Hapo ndipo harufu ilipofika, halafu honi. Lori la kunyonya choo lilikuwa limesimama mdomoni mwa kichochoro likitaka kuingia. Abby, anayetunza ploti ile, akatoka na ndala moja mguuni.

"Choo imejaa tangu Jumapili," akasema. "Nani mwenye hii gari? Rudisha."

Usukani alipanda. Kanta ikaunguruma, ikaenda mbele kiasi cha kiganja, ikabusu ukuta. Akashuka, akakagua gurudumu ambalo halikuwa na shida, akapanda tena. Safari hii ilirudi, lakini matako yake yalielekea kwa jiko la Birika. Benchi likahama tukiwa bado tumelikalia. Mhubiri alianza sala bila kufunga macho. Usukani akashuka mara ya pili, jasho likimtoka, akasema vioo ni vichafu.

Waru akampa Birika simu. "Shika, mzee. Mama akipiga mwambie angoje." Akachukua ufunguo.

Lori la choo likampisha, akaitoa Kanta kinyumenyume kwa kiganja kimoja, shingo imegeuka, kama mtu anayefunga mlango wa jikoni. Pembeni hakugusa hata ndoo ya Abby. Kule nje kanjo walikuwa wameshaondoka, akaiegesha vizuri akarudi kwa miguu, lori la choo likimpita.

"Hii ni rahisi," akasema. "Haina trela nyuma."

Ndipo nikaelewa kwa nini wapakiaji wa sokoni humlaani Usukani. Miaka kumi na mmoja wanabeba magunia kutoka barabarani hadi vibandani, eti gari la heshima.

"Mzee Usukani, rivasi mlifundishwa wapi?" Waru akamuuliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyouma.

"Kwa bodi." Akafuta jasho. "Kwa bodi nilikuwa namba moja."

Waru akachukua simu yake. "Mama, usiuze. Mkamue."

Mhubiri akamkumbusha bondi, miaka mitatu si mchezo, asije akalia baadaye. Waru alikuwa ameikunjua fomu, anainyoosha kwa paja.

"Najua ni mitatu. Huyu amefungwa kumi na mmoja, na hata bondi hakupewa."

Akamlipa Birika, akaelekea stendi ya Naivasha. Hakuna aliyecheka, kwa sababu Usukani alikuwa amesimama. Akamfuata mpaka mdomoni mwa kichochoro, akatazama kama tunasikia. Tulikuwa tunasikia.

"Waru," akasema, "hiyo fomu, walikupa moja ama mbili?"