Mama Mkwe na Pete za Zohali

Jumanne, 4 Novemba
Mama mkwe amekuja kukaa nasi wiki moja. Miaka kumi na tisa ya ndoa, bado ananiita "yule bwana wa fotokopi". Leo amesikia redioni kwamba Ijumaa jioni kituo cha nyota kitafungulia umma milango. Akasema tangu darasa la nne anatamani kuiona Zohali na pete zake. Mdomo ukaniponyoka: nikamwambia msimamizi wa darubini ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Simjui hata kwa sura! Mke wangu akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwenda kituoni kuuanzisha huo urafiki. Kumbe msimamizi ni mwanamke! Mrefu, mkavu kama chaki. Nikaisifia darubini yake wee. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa choo.

Ijumaa, 7 Novemba
Foleni mpaka barabarani. Mama mkwe na magoti yake, atasimamaje? Nikavaa kitambulisho nilichojichapia dukani kwangu: MTAALAMU MGENI. Nia yangu tupite mlango wa nyuma. Hatua tano tu, watu wakanizingira kwa maswali. Nikawaonyesha sayari ya Mshtarii. Ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu. Sauti ya msimamizi nyuma yangu ikasema ule ni mnara wa simu. Vicheko! Akanivua kitambulisho hadharani, akanionyesha geti.

Mama mkwe akajikongoja hadi pale. Nikajua leo yamenifika.

"Binti yangu," akamwambia msimamizi, "huyu ni mwanangu. Muongo, ndiyo. Lakini leo amedanganya kwa ajili ya magoti yangu."

Mwanangu! Nikasingizia vumbi machoni.

Msimamizi akaenda mwenyewe kuleta kiti, na watu wakampisha mama bila kuombwa. Akaweka jicho kwenye darubini. Akaupapasa mkono wangu, akaushika, jicho hajaliondoa. Akanong'ona kwamba kweli ina pete, mwalimu wao wa darasa la nne hakuwadanganya.

Jumapili, 9 Novemba
Mama mkwe anaondoka kesho. Ameniambia angependa pia kuona mwezi ukipatwa, ila gazeti linasema ni siku ileile ya harusi ya mjukuu wake. Anasikitika sana. Nimemwambia aondoe wasiwasi. Nitaongea na wahusika, mwezi usogezwe hadi Jumatatu ya baada ya harusi.