Marafiki Wanne wa Kukoroga Sufuria

Jumapili, 12 Oktoba 1986

Mama kapiga simu saa nane, kama kila Jumapili akitoka kanisani. Simu ya bweni letu iko ukutani, katikati ya korido, na waya wake mfupi. Huwezi kujificha nayo. Nikageukia ukuta, nikanong'ona. Nikamwambia jana tulikwenda shambani kuchuma maboga, mimi na Lowell na Rodney na Brent na Terry. Kwamba Lowell aliteleza akakalia boga, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Sijawahi kuzungumza na Lowell. Jina lake nimelisoma mlangoni pake. Yote manne nimeyasoma milangoni.

Sikuanza kwa ubaya. Baba alifariki Februari. Agosti nilipoondoka kuja chuoni Mama alilia barabarani, akabaki na Bibi Verna, mama yake Baba, katika nyumba ya vyumba saba. Jumapili ya kwanza, tarehe saba Septemba, akaniuliza kama nimepata mtu wa kula naye. Nikasema wanne. Ningeweza kusema mmoja! Tamaa tu. Yeye naye akaniambia nisiwe na wasiwasi, jirani yetu Bi. Hostetler anakuja kila Ijumaa kucheza karata, nyumba haipoi. Nilifurahi kusikia.

Leo sasa. Mama kasema alikuwa ameamua mwaka huu sufuria kubwa ya shaba isiwekwe motoni. Siagi ya matofaa (haina siagi hata chembe, ni matofaa na mdalasini tu, hukorogwa uani toka asubuhi mpaka jioni bila kusimama, ukisimama inaungua) ilikuwa kazi ya Baba. Lakini kama nina vijana wanne wenye mikono, basi Jumamosi niwalete wote. Bibi ameshaanza kuosha vichupa. Sauti ya Mama ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu Februari.

Nikamwambia vijana wana hamu sana. Nimebakiza siku sita za kutafuta marafiki wanne.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimebandika tangazo kwenye ubao wa bweni: Wanahitajika vijana wanne, wakakamavu, wa kukoroga. Chakula tele. Wajiandikishe hapa chini. Mistari minne nimeipiga kwa rula.

Saa sita hakuna jina. Saa tisa mistari yote imejaa! Moyo ukaruka. Nikasogea kusoma. Wa kwanza: Paka wa Jikoni. Wa pili: Mama Yake Paka. Wa tatu kauliza wanakoroga nini na kwa nini nisiende hospitali. Wa nne kachora boga lenye miwani. Boga hilo linafanana na mimi.

Nimelibandua. Nimelihifadhi lakini, kwa sababu mchoro ni mzuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa pili, wa hekima zaidi. Hakuna binadamu anayepita lundo la majani makavu asiruke ndani. Akiruka atacheka. Akicheka karibu yangu, urafiki umeanza. Nikaazima reki kwa mtunza bustani, nikazoa majani yote yaliyopukutika mbele ya bweni. Saa tatu nzima. Lundo likafika kifuani. Jekundu, la njano, zuri ajabu. Viganja vyote malengelenge.

Nikaingia ndani kuosha mikono. Dakika kumi tu!

Hapo ndipo Curtis aliporudi. Curtis ni mwenzangu wa chumbani. Kila Ijumaa huenda kwao na kapu la nguo chafu, hurudi na nguo safi na pai, na katikati ya wiki mama yake humletea donati za moto kutoka kiwanda cha juisi ya matofaa. Mimi huachiwa mfuko wenye sukari chini. Nilipochungulia dirishani, Curtis alikuwa ndani ya lundo langu, donati mkononi, na korido yote iko naye, Rodney, Brent na Terry wakirushiana majani na kuanguka. Walicheka kama nilivyomsimulia Mama. Vilevile kabisa. Nilisimama pale dirishani muda mrefu.

Nilipotoka wameshaondoka. Mtunza bustani akaniuliza uchafu ule wote ni wa nani, maana reki niliazima mimi. Nikazoa upya.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemeza kiburi. Nikamuuliza Curtis, kwa njia ya mzunguko, watu watakuwa wapi Jumamosi. Akasema kwanza mechi kubwa ya chuo, halafu wote kwao: kupanda mkokoteni wa nyasi kavu, kuota moto, maharagwe ya pilipili ya mama yake. Rodney yumo. Brent yumo. Terry yumo.

Halafu akanigeukia, akauliza kama mimi nitakuwepo Jumamosi. Nikajitia kufikiri. Nikasema huenda nina nafasi. Akasema vizuri, basi nimlishie samaki wake, kijiko kimoja asubuhi.

Nilipokwenda kula jioni nilichagua meza ya watu sita, niwaachie nafasi. Hakukaa mtu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mpango wa tatu! Nashangaa sikuufikiria mapema. Magonjwa. Nikampigia Mama nimeshika pua, nikasema mafua yameingia bwenini, Lowell, Rodney, Brent na Terry wote hoi kitandani, hawawezi kusafiri. Mimi nimesalimika kwa bahati.

Mama akasema masikini watoto wa watu. Akasema Bibi ana kuku, anamtia sufuriani sasa hivi, na yeye anatafuta funguo za gari, ndani ya saa mbili atakuwa hapa na supu ya wote wanne.

Nikawaponya hapohapo! Nikamwambia nimewaona wakipita, wanatembea, wanacheza mpira koridoni. Mama akasema vijana wa siku hizi wana afya. Akakata simu.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Sasa ni wazima, na Jumamosi ni keshokutwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Curtis kaondoka na kapu lake, na Rodney, Brent na Terry nyuma ya gari wakiimba. Mechi wataikuta kesho wakitokea kwa akina Curtis. Bweni kimya. Nimelisha samaki. Nimekaa kitandani nikatunga ajali ya gari isiyoumiza mtu.

Mlango ukagongwa. Kijana mrefu, sweta limetoboka kiwiko. Akasema yeye ni Lowell Pruitt, wa mlango wa karibu na simu. Hatua mbili kutoka kwenye simu! Katika mipango yangu yote sikuwahi kulifikiria hilo.

Nikatamani ardhi inimeze. Yeye alikuwa akiangalia viatu vyake. Akasema tangu mwenzake wa chumbani aache chuo, wiki ya pili, Jumapili ni siku ndefu, na ukuta ni mwembamba.

"Nakusikia kila wiki ninavyofurahi," akasema. "Nimekwenda kuchuma matofaa, nimepotea kwenye shamba la mahindi, nimekalia boga. Nikasema na mimi niende basi, nikajionee."

Nikamuuliza kama anajua kukoroga. Akasema hajui, ila ana gari.

Wamepatikana wawili ukinihesabu mimi. Wamebaki watatu wa kuelezea.

Jumamosi, 18 Oktoba

Gari la Lowell halina hita. Tulifika saa moja asubuhi na blanketi mabegani, umande umeganda kwenye majani.

Niliyoyaona. Moja: iliyokuwa motoni haikuwa sufuria ile kubwa, ni ndogo ya Bibi. Nikadhani kubwa imetoboka. Mbili: mezani sahani tatu tu. Nikadhani nyingine hazijakauka. Tatu: Mama alipomwona Lowell akishuka garini alisimama mlangoni, mkono mdomoni, akamtazama kama mtu aliyefufuka. Halafu akaenda kabatini kutoa sahani ya nne, akaifuta mara mbili kwa aproni. Ina vumbi, nikadhani.

Nikatangaza kwamba Rodney, Brent na Terry wako njiani na gari jingine. Mama akasema sawa. Bibi Verna akakohoa. Lowell akawa anaitazama mbingu.

Kazi ikaanza. Mwiko wa sufuria ile una mpini mrefu kuliko mtu, ili moto usikuunguze, na kanuni aliiacha Baba: mara mbili kuzunguka pembeni, mara moja kupita katikati, tena na tena. Lowell aliishika upesi. Juisi ya matofaa ikachemka, tukatia matofaa yenyewe, rangi ikageuka kahawia. Bibi akamwuliza Lowell kwao ni wapi, wazazi wake wanafanya nini, kama anakula kabichi. Tulikula mkate wa moto tumesimama. Majani yakituangukia kichwani. Kwa saa nzima hivi sikuwa na mpango wowote.

Lakini uongo unataka kulishwa. Mtu anayesubiri wageni huenda barabarani kuwatazama. Nikaenda mara ya kwanza. Nikaenda ya pili, nikakinga jicho na mkono, nikatikisa kichwa ili Mama aone. Mara ya tatu ilikuwa saa tisa. Lowell kaenda kuleta kuni, Mama yumo ndani na vichupa, mwiko niko nao mimi. Nikamkabidhi Bibi kitini pake, nikaenda.

Bibi alikuwa amelala.

Nilikaa barabarani kidogo zaidi ya ilivyopasa. Barabara ile tupu, shamba la mahindi limevunwa, hakuna gari. Nilijikuta nawangoja kweli. Halafu harufu ikanifikia.

Nilipofika Mama ameshashika mwiko, anakoroga kwa nguvu, vipande vyeusi vinaelea. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nawatazama akina Rodney.

"Loren," akasema, bila kuacha kukoroga. "Hakuna Rodney anayekuja."

Nikasema huenda wamepotea njia.

"Nilijua tangu Septemba, mwanangu. Na Alhamisi nikahakikisha: watu wanne hawaugui siku moja wakapona kabla sijapata funguo."

Nikamuuliza basi mbona kamenya matofaa yote yale. Akazunguka pembeni mara mbili, akapita katikati mara moja.

"Nilitaka uje. Na ningekwambia njoo peke yako, ungesema una marafiki, huna nafasi." Halafu akasema, taratibu zaidi, "Na Bi. Hostetler hajakanyaga hapa tangu mazishi. Karata ziko kabatini. Nacheza mwenyewe, mkono huu na mkono huu."

Mimi nilikuwa nikilala vizuri kila Ijumaa kwa ajili ya zile karata. Nikalia. Nikasema ni moshi. Mama akasema ndiyo, moshi ni mwingi leo, naye akajifuta kwa aproni.

Bibi akaamka akasema siku za mwizi arobaini. Nikahesabu toka tarehe saba Septemba. Leo ya arobaini na moja. Nimezidisha siku moja!

Lowell akarudi na kuni, akatukuta wote wawili tumeshika mpini mmoja. Akaweka kuni chini polepole, akauliza kama aondoke. Bibi akamwambia aketi, asiwe mjinga, sahani yake ipo. Akachovya kidole sufuriani, akaonja. Akasema mwaka aliooa, Baba aliiunguza hivihivi, wakaila mpaka majani yakachipua tena.

Tukaila nasi. Nimeapa mbele ya Mama, mkono juu ya mwiko: uongo basi. Mama naye kaapa. Hakuna tena Rodney, hakuna tena Bi. Hostetler. Jumapili tutaambiana ukweli, hata ukiwa mfupi.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumerudi mchana na vichupa saba vya siagi iliyoungua. Ina ladha ya moshi na kidogo ya kiatu. Curtis kaonja, kauliza nimeitoa kwenye injini ya nani. Samaki wake mmoja amekufa. Niliwalisha vijiko viwili Ijumaa, akiba ya Jumamosi. Curtis hasemi nami.

Mimi na Lowell tumekula mkate mzima kwa kichupa kimoja, tumekaa koridoni, migongo ukutani. Ilikuwa vizuri.

Saa kumi simu ikalia. Mama, anataka kujua kama tumefika salama. Nikamwuliza amebaki vipi huko. Akasema vizuri sana, wanawake wanane wa kanisani wamepita kuonja siagi, sebule imejaa, hawakutaka kuondoka. Nyuma yake nilisikia saa ya ukutani ikigonga na kiti cha Bibi kikilia. Kingine sikusikia.

Akaniuliza na huku wameionaje. Nikakumbuka mwiko. Nikakumbuka kiapo. Nikasema korido yote wamekomba vichupa, Curtis kadondosha machozi, na kwamba Sikukuu ya Shukrani watu sita wameomba kuja. Mama akasema sita ni wachache, sufuria kubwa ipo.

Nilipokata simu Lowell alikuwa amesimama mlangoni pake, anatafuna. Akaniuliza hao sita ni akina nani.

Nikamwambia sijui bado. Tumepanda ghorofa ya pili kusoma milango. Lowell ndiye kabeba penseli.