Mbwa wa Kuazima, Njia ya Mijakaranda

Jumatatu, 5 Agosti 1991
Mke wangu Jepkoech bado yuko kwa mama yake, Moi's Bridge, na mtoto wetu Jerono. Ameapa harudi Kibomet kwenye chumba kimoja, mlango ukifunguliwa unagonga mlango wa jirani. Sawa! Leo nimepata nyumba. Mtaa wa juu wa Kitale, ule wa wazungu wa zamani: barabara pana, nyasi pande zote mbili, mijakaranda, ua wa michongoma. Mwenye nyumba ni mjane, Mama Wakonyo. Sharti lake ni moja tu. Mpangaji awe na mbwa, na amtembeze kila siku saa kumi na mbili jioni hadi mwisho wa barabara na kurudi. Ufunguo atautoa akishamwona mbwa. Nikasema mbwa ninaye. Sina. Wapangaji watatu wamehama mwaka huu. Sikuuliza kwa nini.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeazima Bobi kwa jirani yangu Kiplangat, aliyemwokota mwaka jana akizurura. Kibomet mbwa hatembezwi. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, basi. Utamtembeza wapi? Kwenye uchochoro wetu ukikutana na mtu mwenye ndoo, mmoja wenu anaingia mtaroni. Nilimfunga kamba ya katani, watu wakaniuliza, "Kibiwott, ati unampeleka soko la mifugo Chwele kumuuza?" Aliniangusha matopeni mara mbili. Lakini alipokanyaga ile barabara pana akatulia kabisa. Akatembea polepole, akiangalia juu upande wa kushoto, vile mbwa anavyomwangalia mtu anayeongea naye. Mimi nilikuwa kulia.

Alhamisi, 8 Agosti
Gicheru wa posta naye anaitaka nyumba! Amekuja na jibwa lenye afya kuliko mimi. Lilifika mti wa tatu, likalala chini, likajikojolea. Gicheru akalibeba hadi kwake. Nilicheka nikashika mbavu. Kisha nikanyamaza, na kicheko kikaendelea kidogo, kushoto kwangu. Mwangwi, bila shaka. Barabara pana ina mambo yake.

Ijumaa, 9 Agosti
Mama Wakonyo amemwona Bobi getini. Akalia. Kumbe ni mbwa wa marehemu mumewe! Walitembea njia hii kila jioni miaka kumi na mmoja. Siku ya mazishi mbwa akapotea. Ati mzee alinunua hapa kwa sababu ya hii barabara, na kutembea hakukubali kuacha. Ati hata sasa hajaacha. Akanipa ufunguo bila kunitazama usoni. USHINDI! Nimetuma habari Moi's Bridge.

Jumamosi, 10 Agosti
Jepkoech amefika mchana, mtoto amemwacha kwa bibi. Akasifu jikoni, akasifu ua, akacheka kama zamani. Naandika wazi: nimemkosa sana mke wangu. Saa kumi na mbili mluzi ukapigwa nje. Bobi akainuka, akatoka, na kamba yake ikanyooka hewani mbele yake, hakuna aliyeishika. Wakaenda zao. Jepkoech akachukua begi, chai ikiwa bado moto. Mlangoni akanishika mkono. "Baba Jerono, si twende tu? Kile chumba kimoja kinatutosha."
Kinatutosha! Baada ya jasho lote hili! Nikamweleza faida: mzee akimtembeza mbwa mwenyewe, mimi ninapumzika, na sharti limetimia. Hakungoja nimalize. Nimemwona akikimbia hadi kona, akipita upande wa kulia wa barabara.

Jumapili, 11 Agosti
Saa kumi na mbili. Leo mluzi umepigwa mara mbili. Wa kwanza, Bobi akaenda. Wa pili, nikainuka mimi.
Naandika nikiwa nimesimama. Sikutaka kusimama. Shingoni kuna kitu kinachokwaruza, kama katani, na kinavuta kuelekea mlangoni. Naogopa, sitaficha. Lakini tufikirie vizuri. Mzee ni mtu wa mtaa huu, anajua kila nyumba. Pengine kuna kubwa zaidi kule mwisho wa barabara, anataka kunionyesha. Nitamuuliza kama ina vyumba vinne. Ya vyumba vinne, Jepkoech hawezi kuikataa.