Nilivyougua Huzuni kwa Makusudi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu hatoki chumbani. Alipoacha chuo alisema anapumzika kidogo. Kidogo gani hicho! Pazia limefungwa, chai inapelekwa mlangoni, chai inarudi imeota ngozi. Zamani nikipita tu ananiuliza meno yangu nimeyaweka rehani wapi. Sasa namchokoza mpaka nachoka mwenyewe.

Leo mkwe wangu, mama yake, amemleta yule binti mratibu wa klabu ya vijana. Wanakutana kwenye ukumbi nyuma ya zahanati. Kijana aliyewahi kupitia mazito anakaa na mwenzake aliyelemewa, anamsikiliza. Bure kabisa. Mratibu amebisha, ameongea na mlango kwa adabu zote. Mlango haukujibu. Akasema wao hawamlazimishi mtu, sharti aje kwa miguu yake.

Kwa miguu yake! Haya. Hiyo miguu nitaileta mimi. Nimepata mpango. Mgonjwa nitakuwa mimi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza huzuni asubuhi, kwenye chai. Nimetazama ukuta. Nimeguna. Mwanangu akaniuliza kama tumbo limejaa gesi. Mtoto hana jicho! Nikaongeza dawa: nimekataa mkate wa pili. Hapo nyumba ikasimama. Mimi, nikatae mkate! Mkwe akaacha ufagio ukaanguka.

Nikaenda mlangoni kwa mjukuu, nikasema kupitia tundu la ufunguo kwamba roho yangu imeingia kutu. Nikasema nataka kwenda kwa wale vijana ila naona haya kwenda peke yangu. Nikapiga kikohozi kimoja cha ziada, ingawa huzuni haina kikohozi. Mara kitasa kikalia. Katoka! Nywele kama kiota, kandambili moja nyekundu moja bluu, lakini katoka. Akanitazama usoni mpaka nikaogopa. Nikashusha mdomo wa chini. Akasema kesho tunakwenda, babu.

Nilitaka kuruka. Nikakumbuka mimi mgonjwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ukumbini viti vya plastiki vimepangwa viwili viwili. Masharti yao ni mawili. Mtu anakaa na rika lake. Na msikilizaji harushi neno lake kabla hajarudia alichoambiwa. Mimi hesabu yangu ilikuwa hivi: rika langu hapa hamna, kwa hiyo mimi watanipa soda, mjukuu watampa mtu wa kuongea naye.

Kumbe! Mratibu akapiga makofi, anasema nina bahati, mzee wa rika langu yupo. Alikuja kutengeneza saa ya ukutani, akavutwa na mazungumzo, akang'ang'ania wamfunze. Akaitwa. Akatoka nani? Fundi Saa! Fundi Saa huyu huyu, jirani yangu, ambaye hatusalimiani tangu alipokula kete zangu kwenye drafti huku mimi napiga chafya!

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema nina huzuni. Akarudia kwa sauti ya upole, ya kutapisha, kwamba anasikia mzee mwenzake ana huzuni. Nikasema usingizi sipati. Akarudia kwamba anasikia sipati usingizi, ila jana mchana alinisikia nakoroma barazani mpaka saa zake zikapotea majira. Nikamwambia huko si kurudia, ni kuongeza! Nikamshtaki kwa mratibu. Akaonywa. Hiyo ndiyo raha pekee niliyopata leo.

Mjukuu je? Alikaa benchi la nje, ananisubiri. Hakusema na mtu. Mpango umekwama matopeni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa. Mkanda wangu haupo. Wembe wa kunyolea haupo. Nimetoka barazani nimeshikilia suruali. Muuza magazeti akanisalimia kwa heshima, nami nikampungia kwa ule mkono ulioshika suruali. Sisemi zaidi.

Nikamfokea mkwe, akaapa hajui. Kumbe ni mjukuu, kavificha. Nikamfuata chumbani kwake, nikamuuliza, we mtoto, umerukwa na akili? Akasema kwa sauti ndogo hataki niachwe peke yangu na vitu hivyo. Nikacheka, nikamuuliza nani kamfundisha upuuzi huo. Akasema hakufundishwa. Anajua mawazo yanayomjia mtu aliyefika huko, kwa sababu yeye mwenyewe yuko huko tangu aache chuo.

Kicheko kikanikwama. Nikakaa kitandani kwake. Nikatafuta mzaha, sikuupata hata mmoja. Mimi! Kwa kukosa la kusema nikafanya kama Fundi Saa. Nikasema, nasikia unasema uko huko. Akasema ndiyo. Nasikia hujamwambia mtu. Akasema nimwambie nani, babu, kila mtu alikuwa ananiuliza tu nitarudi lini chuoni. Kisha akalia, kilio cha kutetemesha kitanda. Nikamshika kwa mkono mmoja. Mwingine suruali.

Nikamuuliza kama twende kwa mratibu sasa hivi. Akasema twende, mradi nami niingie. Tukaenda, suruali yangu imefungwa kwa mtandio wa mkwe, wa maua. Mratibu hakucheka. Akakaa na mjukuu, akamsikiliza, kisha akatuvusha upande wa zahanati kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Mkwe akaitwa. Alikuja mbio bila viatu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mjukuu kala mezani! Kala, akaongeza. Muuguzi atamwona kila wiki. Mratibu anampitia jioni, wanatembea mpaka sokoni na kurudi, wakiongea au wakinyamaza. Pazia liko wazi. Mkwe anaimba jikoni, anaimba vibaya mno, na hakuna aliyemkataza. Mwanangu alifuta macho akasingizia kitunguu. Kitunguu kilikuwa bado kapuni. Nimeshusha pumzi mpaka mbavu zimeuma.

Nikaona sasa niseme ukweli, kwamba mimi mzima. Haya, hasira! Mjukuu hakusema nami mpaka jioni. Halafu akaniambia mambo haya hayaigizwi, alikaa macho kwa ajili yangu, na siku nyingine nikiwa na neno nilitoe kwa mdomo, hata kama mdomo wenyewe hauna meno. Mdomo hauna meno! Nilikaribia kulia.

Mratibu naye kanichana. Kaniapisha mkono juu mbele ya ukumbi mzima: sitazua ugonjwa tena. Nimeapa kwa moyo safi.

Mkanda nimerudishiwa. Wembe uko kwa mkwe, na nimeona bora ubaki huko.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekwenda ukumbini kumwomba radhi Fundi Saa. Akasema alinijua tangu neno la kwanza. Nikamuuliza mbona hakunifukuza. Akasema tangu mkewe afariki, mimi ndiye wa kwanza kukaa naye saa nzima, hata kama nilikuwa nadanganya. Nikarudia nilichosikia, kama inavyotakiwa. Akaitikia kwa kichwa, akanieleza zaidi. Mwanawe ana duka la rangi upande wa pili wa mji na haji kumwona. Nikamshauri ampigie simu tu. Akakataa, ana kiburi kama punda. Nikasema basi, yameisha, mimi nimeapa.

Nimefika nyumbani nimefikiri vizuri. Nilichoapa ni ugonjwa. Kuanguka si ugonjwa.

Bandeji nimenunua, nimechagua mguu wa kushoto. Muuza magazeti nimeshamtuma dukani kwa yule kijana, akamwambie baba yake kaanguka vibaya, aje upesi. Kila kitu tayari. Kilichobaki ni kumwarifu Fundi Saa kwamba ameanguka.