Mguu wa Kushoto Hauhesabiwi

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu Tse katangaza: timu ya kuruka kamba ya mtaa wetu ina nafasi moja tu ya watu wazima. Mchujo Jumapili. Ni mimi au Shangazi Au, muuza tofu ya soya wa ghorofa ya tisa. Ana miaka sitini na mbili! Leo, kwa sekunde thelathini, yeye hatua 70, mimi 64. Nikasingizia mafua. Shangazi akasema mafua gani hayo, kila Jumanne hayakosi mazoezi. Uwanja mzima ukacheka. Atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua! Waamuzi wanahesabu mguu wa kulia tu. Wa kushoto unakula bure! Kuanzia leo nanoa wa kulia peke yake. Nimeruka kwa mguu mmoja, jikoni hadi chooni, mara arobaini. Jirani wa chini kagonga dari kwa ufagio. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi

Wa kulia unakimbia, wa kushoto unachelewa, kamba inaunasa. Mwalimu Tse kasema miguu ni kama mke na mume, ukimlisha mmoja nyumba haikaliki. Tena kamba huzungushwa kwa vifundo vya mikono, si kwa mabega. Eti napiga mabawa kama kuku. Nilikuwa natazama mabingwa wetu. Wote wanaruka wameinama, kamba zao fupi. Kumbe! Nimekata waya wa kamba yangu kwa kipimo cha mtu aliyeinama. Nimepunguza sentimita thelathini.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi 72. Zamu yangu. Nikainama, nikaruka kama cherehani! Kumi, ishirini, thelathini! Mgongo ukakaza. Nikanyooka kidogo tu. Waya ukanichapa kisogoni, ukarudi ukachukua miwani. Jumla 38.

Shangazi akaja. Nikasubiri kejeli. Badala yake akanisugua mgongo kwa mafuta ya dawa, akasema, Mak mwanangu, mume wangu alipofariki nilianza na hatua ishirini, nikianguka kila siku. Njoo Jumanne tuanze polepole. Niliona haya. Kweli kabisa, dakika nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Polepole ya nini? Siri yake ni kamba. Niliipima kwa macho wakati ananisugua. Leo nimenunua waya mpya, nimeukata sawasawa na wake, hata nywele moja haizidi. Jumanne atashangaa.

Kwa urefu, Shangazi ananifikia kifuani.