Masharubu ya Bi. de Vaubrisset

Jumatatu, 1 Machi 1948

Salale! Nimevua kofia, nimeivaa, nimeivua tena. Mhariri wetu, Madame Roquebert, ametuita asubuhi mimi na Fernand Lachenay, akatupasulia jipu: gazeti la mitindo halina tena nafasi ya wapiga picha wawili. Atabaki mmoja. Kesho sote wawili tutampiga picha Bi. de Vaubrisset, mama wa ukoo wa vyeo, katika gauni lake jipya. Ijumaa atachagua mwenyewe picha ya jalada. Mwenye picha hiyo ndiye atakayebaki.

Na yule mwingine? Niliuliza huku nikijifanya nakohoa. Akasema siku hizi maonyesho ya mbwa ni mengi.

Mbwa! Mimi, Anselme Courtebois, niliyewahi kushikiliwa mlango na binti wa balozi!

Fernand akanipa mkono, akanitakia heri. Mnafiki huyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 2 Machi

Gauni lenyewe: kiuno cha nyigu, sketi ya mita ishirini za hariri. Mita ishirini! Bawabu wa jengo letu, mama wa watu, bado anafumua koti la marehemu mumewe apate sketi moja. Sebule ya Bi. de Vaubrisset haina makaa hata punje, naye mabega wazi, anatetemeka kwa heshima zake zote. Chupa pekee ya maji moto ameilalia mbwa wake, Bijou, kiumbe kidogo chenye masharubu ya jenerali.

Mpango wangu ulikuwa kumsifu mpaka alainike. Nikamwambia gauni limemfanya afanane na bintiye. Akasema hana binti, ana mkwe, na hawasemezani tangu vita viishe. Basi akanuna, na mnuno huo ndio niliopiga.

Zamu ya Fernand. Hakusifu kitu! Alimuuliza tu bibi, Bijou amepata wapi medali zile tatu za shingoni. Yule mama akaangua kicheko, na hapohapo Fernand akabonyeza. Huo nao ni ufundi?

Jumatano, 3 Machi

Filamu zimesafishwa. Karatasi za picha bado ni adimu, kwa hiyo picha zitachapwa Ijumaa, mara moja tu, bibi mwenyewe akisubiri. Mpaka hapo kila filamu imelala kwenye bahasha yenye jina la mpigaji, ndani ya mtoto wa meza, chumba cha giza.

Nikazitazama kwenye taa. Yangu: mama mwenye jino bovu. Ya Fernand: malkia! Moyo ulinipasuka paa. Nikazibadilisha. Yake ikaingia kwenye jina langu, yangu kwenye jina lake. Sikuiba. Nimehamisha tu.

Alhamisi, 4 Machi

Nimeamka na wazo baya. Je, akipenda ile ya kununa? Watu wa vyeo wanapenda kununa! Fernand atashinda kwa picha yangu mwenyewe, uonevu gani huo?

Dawa ni kuiua. Kwenye filamu mambo yako kinyume: ukikwangua mahali, picha ikichapwa panatoka peusi. Nikafungua bahasha ya Fernand, nikachukua kisu chembamba cha kurekebishia picha, nikakwangua juu ya mdomo. Kidogo kulia, kidogo kushoto. Nikazipinda na ncha, maana kazi yoyote ni ya kufanywa vizuri.

Ngazini nikakutana na Berthe, mchapaji wetu. Akaniuliza kunani, mbona napiga mluzi kama bwana harusi. Nikamwambia ni majira ya kuchipua.

Ijumaa, 5 Machi



Tumeketi ofisini, Bi. de Vaubrisset na Bijou mapajani, tukimsubiri Berthe. Fernand akaninong'oneza kwamba jana jioni alikuta filamu zetu zimeingia bahasha zisizo zake, hajui nani kazichanganya, akazirudisha. Nisiwe na wasiwasi, asingekubali kazi yangu ipewe jina lake.

Yarabi! Nikainuka kukimbilia mlango. Mlango ukafunguka, Berthe huyo, na sinia lake.

Ya Fernand ikatangulia. Bibi akatabasamu. Kisha yangu.

 Bijou ndiye aliyebweka kwanza. Berthe akaapa ameiosha mara tatu, masharubu hayatoki. Bi. de Vaubrisset akauliza, kwa upole wa kuogofya, huyu bwana ni nani. Nikasema ni kivuli. Akauliza tangu lini kivuli kikawa na ncha zilizopindwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikuwa na pa kuweka uso.

Jumamosi, 6 Machi

Madame Roquebert alitaka nitoke leo leo. Fernand ndiye aliyeniombea! Kasema mkono wa fundi huteleza, nipewe hao mbwa angalau. Nani alimtuma? Anataka nimshukuru kila asubuhi mpaka nife.

Madame amekubali, kwa sharti: maonyesho ya tarehe 14 ni nafasi yangu ya mwisho. Nikiharibu, hata mbwa sina.

Jumatatu, 15 Machi

Jana nusura niangushe kamera. Mshindi wa kwanza: Bijou! Medali ya nne! Na nani amemkumbatia? Bi. de Vaubrisset mwenyewe. Kanitazama kama anayetazama maji ya mtaroni. Picha ya mshindi lazima aione yeye kwanza.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikakaa nikafikiri. Huyu mama, duniani hapa, anachukia nini kuliko vyote? Masharubu!

Na mtu asiniambie sijajifunza. Safari hii kisu sikukigusa. Nimetumia penseli, maana penseli kwenye filamu hutoa weupe. Unywele kwa unywele, asubuhi nzima, mpaka Bijou akawa na uso laini kama wa askofu.

Fernand alichungulia, akashika ukuta. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayezama, kama najua mbwa wa aina hii hupewa medali kwa ajili ya nini. Wivu tu huo! Nikamfungia mlango.

Picha imepelekwa saa tisa, pamoja na maua. Sasa ni saa kumi, na simu ya Madame Roquebert inalia bila kukoma. Namsikia anapiga kelele, analitaja jina langu, analitaja tena. Bila shaka ni jalada. Ngoja nifunge tai kwanza.