Kitambuzi Kilichopenda Dirisha

Jumatatu, 8 Januari

Theluji tangu alfajiri. Mji wote wa Setif ni mweupe, na kichwa kinauma. Kinauma kila asubuhi tangu Desemba. Ni huzuni, najua. Mke wangu Yamina alifariki Oktoba, na mwili nao una namna yake ya kulia.

Binti yangu Nassiba alipiga simu kutoka Annaba. Amesoma gazetini habari za familia iliyozirai kwa kaboni monoksidi, ile gesi ya hita isiyo na rangi wala harufu. Wamenusurika chupuchupu. Basi ametoa hukumu. Wanakuja Ijumaa kwa Yennayer, kuukaribisha mwaka mpya wa jadi, na akikuta hakuna kitambuzi cha gesi hiyo ukutani, wananibeba na begi langu mpaka Annaba, ghorofa ya saba, nikaangalie bahari.

Bahari ya nini! Nimekaa nyumba hii miaka thelathini na minane. Kiti cha Yamina bado kimegeukia dirisha, vilevile alivyokiacha. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Baba, sikuulizi habari za kiti."

Mama yake kabisa.

Mpango: kununua kitambuzi kimyakimya, bila kumshirikisha jirani wa ghorofa ya chini, Si Belgacem (kwetu "Si" ni "Bwana"). Alikuwa fundi wa gesi miaka thelathini. Amestaafu, lakini bado anakagua hita za watu kama daktari anayekagua ulimi. Nikimuuliza neno moja, jengo zima litajua kwamba mimi, karani mstaafu wa posta, kuna kitu sikijui.

Baridi kali. Habari njema: tundu la hewa la ukumbini nimeliziba vizuri kwa fulana yangu ya zamani. Kila mwaka naziba, na kila mwaka fulana hutoka yenyewe, sijui vipi. Mwaka huu imekaa. Angalau kuna kitu kimekaa.

Jumanne, 9 Januari

Duka la vifaa vya umeme. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani, alinihoji kama polisi. Kitu gani kinawaka gesi nyumbani? Hita ya ukumbini, hita ya maji jikoni, jiko. Unalala wapi? Chumba kinachofuatana na ukumbi. Akanionya nisichukue kile cha gesi ya kupikia, kile hunusa uvujaji tu. Ninachotaka mimi ni hiki kingine, kilichoandikwa "kaboni monoksidi" usoni. Akakigeuza, akanionyesha mgongoni mwake mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa sababu hata vifaa huzeeka pua. Mwanamke hodari! Akataka nichukue vitatu. Nikamwambia niko peke yangu na nina pua moja. Nikachukua kimoja.

Kizuri mno. Cheupe, kina taa ya kijani na kioo cha namba. Sikufikiri mara mbili: chumba cha wageni! Katikati ya sinia la shaba na picha ya harusi. Nassiba akifungua mlango tu, anakutana nacho. Hakuna anayeingia humo tangu siku za rambirambi, kwa hiyo nilifuta vumbi pia.

Namba ikasoma sifuri. Sifuri! Nyumba safi kama mahari ya binti mfalme.

Saa kumi Si Belgacem akapanda na jagi la maziwa ya mgando, eti mkewe kazidisha. Macho yake yakafika ukutani kabla ya miguu. Akauliza kama humu ndani kuna hita. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu analala humu. Nikasema hakuna. Akanywa maziwa yake mwenyewe, akapangusa masharubu, akasema, "Bwana Mouloud, umemweka askari kulinda sinia."

Nikamjibu kwamba kipo hapo kwa muda, kinazoea nyumba.

Jumatano, 10 Januari

Kumkomesha Belgacem, nimesoma karatasi ya maelezo yote. Kiwekwe kwenye chumba chenye hita, hatua mbili tatu kutoka kwenye moto, usawa wa kichwa cha mtu. Kingine karibu na mlango wa pa kulala. Kisikae nyuma ya pazia, wala kabatini, wala karibu na dirisha. Maelezo mazuri, yameandikwa na mtu anayejali.

Nikakitundika ukumbini, sawasawa na karatasi. Dakika ishirini baadaye kikapiga kelele! Nikaruka, chai ikamwagika kwenye slipa. Nikakifunika kwa mto. Kikaendelea chini ya mto. Nikakibeba kama mtoto mgonjwa, nikazunguka nacho: kabatini, kelele. Juu ya redio, kelele. Karibu na dirisha lililo wazi kidogo, kimya.

Ugunduzi! Kifaa hiki kinapenda dirisha. Kina tabia yake, kama mtu yeyote. Nimekipachika nyuma ya pazia, ambako roho yake imetulia. Karatasi ikatae, mimi ninaishi nacho.

Kichwa kinauma vibaya. Nimemkumbuka Yamina alivyokuwa akimenya machungwa, ganda moja refu lisilokatika. Sikula.

Alhamisi, 11 Januari

Aibu. Lakini naandika.

Asubuhi nilifunga dirisha kwa sababu ya theluji. Kifaa kikalia. Mimi nikakaa kwenye kiti, nikakisikia kwa mbali, nikaona uvivu kuinuka. Miguu mizito. Kumbe Belgacem alikuwa amekisikia tangu jana kupitia dari lake, akadhani nakijaribu. Leo hakugonga mara mbili, na mlango sikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Akaingia, akazima hita, akafungua kila dirisha, akanikokota hadi ngazini nikiwa na soksi. Jirani wa mbele akanitazama. Nikamsalimu.

Akanikalisha kwenye hewa, akaniuliza kichwa kinaniuma tangu lini. Nikamweleza kwamba ni huzuni. Akauliza kinaniuma hata nikitoka. Nikafikiri. Hapana. Nikienda kununua mkate kinapoa. Nikirudi kinarudi.

Hakucheka. Alisema, "Ndugu yangu, huzuni ingekufuata mpaka kwa muuza mkate."

Tukaenda zahanati, daktari akanivalisha barakoa ya hewa hadi alasiri, kisha akaniachia. Belgacem alisubiri muda wote. Tuliporudi ndipo nilipomwona akifanya kazi, na lazima niseme ukweli: ni raha kumtazama. Aliifungua hita kama anayevua mtoto nguo. Akafuta vumbi kwa brashi ya meno. Akashika kipande cha karatasi laini kwenye bomba la moshi kuona kama kinavutwa. Akaiwasha akiwa amepiga goti. Moto ulikuwa wa njano. Akaudharau moto huo. Wa haki ni wa bluu, akasema. Huu unatafuta hewa na hauipati.

Akazungusha macho. Akaenda moja kwa moja kwenye tundu. Akachomoa fulana yangu, ndefu, kama mchawi wa sherehe. Moto ukageuka bluu mbele ya macho yangu.

Nikamwambia ajabu, miaka yote huwa inatoka yenyewe.

Akaikung'uta fulana. Akasema Yamina alikuwa akimsimulia mkewe kila majira ya baridi: mume wangu anaziba, mimi nazibua, nafua, nakunja, narudisha kabatini. Sisemi kitu, asije akajiona mjinga.

Miaka thelathini na minane.

Niliitwaa fulana mkononi mwake. Fulana hiyo ina kiraka kwapani, cha uzi wake wa bluu.

Ijumaa, 12 Januari

Yennayer. Nassiba amekuja na mwanawe Rym, miaka minne. Tumekula chershem, mchemsho wa ngano na dengu, kama ya Yamina, ila chumvi imezidi kidogo. Tukammwagia Rym karanga na peremende kichwani ili mwaka uwe mtamu, naye akaziokota zote.

Kisha ukaguzi. Nassiba amekuja na vitambuzi viwili vyake. Hakunitazama, alimtazama Belgacem, aliyepanda kula nasi, naye akajibu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi: kimoja ukumbini, kimoja jikoni mbali na mvuke, kimoja nje ya mlango wa kulala, vyote usawa wa kichwa. Wakavipigia skrubu. Nassiba akabonyeza kila kimoja, Rym akaziba masikio na kuomba tena.

Nikakiri habari ya fulana. Nassiba alikaa kwenye kiti cha mama yake akalia kidogo, akacheka kidogo. Halafu hukumu: ninabaki! Sharti, Si Belgacem awe na ufunguo, na tundu lisiguswe. Nikaapa kwa mikono miwili.

Jumapili, 14 Januari

Wameondoka jana. Kichwa chepesi kama cha kijana. Theluji tena.

Tundu linaleta upepo unaopita moja kwa moja kwenye shingo yangu. Nimefikiri kwa makini. Fulana ilikuwa kubwa, hilo ndilo lilikuwa kosa. Soksi moja, na isizibe kote, nusu tu. Hakuna aliyeapa kuhusu soksi.

Nikaiweka. Shingo ikapata joto. Saa moja na robo usiku, kitambuzi cha ukumbini kikalia.

Nikasema, haya Yamina, nimesikia. Nikaichomoa, nikaifua, nikaikunja, nikairudisha kabatini. Belgacem akagonga dari mara tatu kwa ufagio. Nikamjibu kwa kisigino mara tatu.

Kesho nitajaribu leso.